Kumbukumbu ya Seva Inapopanda Bila Kushuka

Katika nyumba nyingi za Mbezi Beach jijini Dar es Salaam zilizogeuzwa ofisi, kuanzia Tangi Bovu hadi Africana, kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi na seva moja au mbili. Pasipo na chumba, yupo kijana mwenye laptopu anayeiangalia seva iliyopangishwa mbali. Humo hukaa mifumo ya zahanati, ya shule binafsi, ya SACCOS, ya mawakala wa forodha. Na mara nyingi utakuta dawa ya kumbukumbu inayojaa ni ileile: mstari mmoja kwenye cron unaoizima programu na kuiwasha upya saa tisa usiku. Ukiuliza wa kazi gani, utajibiwa, "Bila huo, ikifika Alhamisi mfumo unasumbua."

Kama huduma ya kwanza, mstari huo sina ugomvi nao. Ubaya wake ni kwamba kila usiku unafuta ushahidi. Asubuhi programu ina afya, kumbukumbu imeshuka, na hakuna awezaye kusema jana ilijazwa na nini. Ukitaka kupona kabisa, itabidi uache mfumo uugue mbele ya macho yako angalau mara moja, ukiwa na vipimo mkononi.

Tuanze na kazi ya mkusanyaji taka (garbage collector). Gari la taka likipita mtaani huchukua kilichowekwa nje ya geti. Haliingii stoo kukuuliza kama ile televisheni ya chogo bado unaihitaji. Ndivyo ilivyo katika Java, Node, Python na nyinginezo, kwa msingi ule ule ambao John McCarthy aliuweka mwaka 1959 alipokuwa akiunda lugha ya Lisp: kitu kisichofikiwa tena na sehemu yoyote hai ya programu ni taka, kinachofikiwa kitabaki, hata kama hakuna atakayekigusa tena maisha. Kwa hiyo fundi anaposema "mkusanyaji taka hafanyi kazi", mara nyingi anamsingizia. Kazi inafanyika. Kuna mtu ameshika mzigo, na wewe ndiye wa kumtafuta.

Kabla ya kumtafuta, hakikisha yupo. Kumbukumbu kupanda peke yake si ugonjwa. Programu ya Java ikipewa gigabaiti 4 za hipu, yaani lile eneo inamoweka vitu vyake, itazijaza bila wasiwasi kabla ya kuona haja ya kusafisha. Mtu anayetazama kilele cha mchoro tu atatishika kila siku. Tazama sakafu: kiasi kinachobaki baada ya usafi kupita. Kama Jumatatu baada ya usafi zinabaki megabaiti 600, Jumanne 610, Jumatano 605, programu yako ni nzima hata kama kilele kinagusa gigabaiti 4. Kama Jumatatu ni 600, Jumanne 900 na Jumatano 1,250, huku idadi ya watumiaji ni ileile, huo ni uvujaji.

Kuipata sakafu ni rahisi. Kwenye Java ya toleo la 9 kwenda juu, ongeza hii kwenye JAVA_OPTS, ndani ya setenv.sh kama unatumia Tomcat:

-Xlog:gc*:file=/var/log/tomcat9/gc.log:time:filecount=5,filesize=20m

Logi hii haina mzigo wa kuhisiwa, kwa hiyo iache iwake siku zote. Kila mstari wa usafi utakuonyesha namba kama 2900M->640M(4096M): kilichokuwepo kabla, kilichobaki baada, na ukubwa wa hipu. Kwa mkusanyaji G1, ambaye ndiye chaguo la kawaida la Java tangu toleo la 9 la mwaka 2017, usiamini usafi mmoja mmoja, kwa sababu usafi mdogo hugusa vitu vichanga tu na kuacha taka kongwe. Chukua namba ya chini kabisa ya kila saa chache, uzipange. Kama huna subira ya siku nyingi, subiri watu watoke kazini kisha amuru usafi kamili kwa jcmd $PID GC.run, usome kilichobaki. Wapo wanaopenda jstat -gcutil, nami naitumia, ila kumbuka safu yake ya O ni asilimia ya eneo lililotengwa kwa wakati huo. Kama -Xms na -Xmx, yaani ukubwa wa hipu wa kuanzia na wa juu kabisa, ni tofauti, eneo lenyewe linapanuka na asilimia inakudanganya.

Jambo la pembeni kidogo. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, seva za ofisini zilikuwa zinazimika zenyewe kila umeme ulipokatika na UPS ikachoka. Programu haikupata nafasi ya kukaa hewani wiki mbili mfululizo. Kisha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ikaanza kuingiza umeme Februari 2024, na wengine wakahamishia mifumo yao kwenye vituo vya data vyenye jenereta. Programu ileile sasa inaweza kukaa wiki sita bila kuzimwa, na uvujaji uliokuwemo tangu toleo la kwanza unajitokeza kana kwamba umezaliwa jana. Mtu akikwambia "ilianza tulipohama", usikimbilie kuilaumu seva mpya. Muulize ile ya zamani ilikuwa inakaa hewani kwa muda gani.

Haya, sakafu inapanda. Usizime kwanza. Chukua vitu vitatu, navyo havizidi dakika kumi. Cha kwanza ni orodha ya vitu vilivyojaa, kwa jcmd $PID GC.class_histogram, uielekeze kwenye faili. Ukiichukua asubuhi na jioni ukazilinganisha, mara nyingi jibu linaonekana bila kazi zaidi: klasi moja imetoka vitu elfu ishirini hadi milioni mbili. Puuza byte[] na String zinazokaa juu ya orodha. Hizo huwa juu kila siku kwa sababu kila kitu kimeundwa kwazo. Shuka chini hadi uone jina la kwanza linalotoka kwenye programu yenu wenyewe.

Cha pili ni picha nzima ya hipu, kwa jcmd $PID GC.heap_dump ikifuatwa na njia ya faili. Hapa kuna mitego. Amri lazima iendeshwe na mtumiaji yuleyule anayeendesha programu, kwa mfano sudo -u tomcat. Programu itasimama wakati picha inaandikwa, sekunde kadhaa au zaidi kwa hipu kubwa, kwa hiyo usifanye hivyo saa nne asubuhi foleni ya wagonjwa ikiwa dirishani. Diski iwe na nafasi ya kutosheleza hipu nzima. Na huduma ya Tomcat inayokuja na Ubuntu hufungiwa isiandike popote isipokuwa saraka chache; ukiielekeza picha kwenye /home itakataa, ielekeze /var/log/tomcat9.

Cha tatu ni hali ya nyuzi zote, kwa jcmd $PID Thread.print. Tutaona faida yake mbele.

Ili usitegemee kuwepo kwako, weka pia -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError na -XX:HeapDumpPath. Programu ikifia mikononi mwa Java yenyewe, itaacha picha. Ikiuawa na kerneli ya Linux, haitaacha kitu, na nitalirudia hilo.

Sasa una faili la gigabaiti tatu kwenye seva, na wewe uko nyumbani unatumia bando. Usilipakue. Programu ya Eclipse MAT ina skripti iitwayo ParseHeapDump.sh inayoweza kuendeshwa palepale kwenye seva bila kioo, ukaipa org.eclipse.mat.api:suspects mwishoni, nayo ikatoa ripoti ndogo ya HTML iliyobanwa kwenye zip. Hiyo ndiyo ya kupakua. Afadhali iendeshwe kwenye seva nyingine ya pembeni, kwa sababu uchambuzi nao unakula kumbukumbu, na seva yako tayari inayo shida hiyo. Ukilazimika kuhamisha faili zima, libane kwa gzip kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kutolisafirisha ovyo. Picha ya hipu ni kila kitu kilichokuwa ndani ya programu kwa sekunde ile: majina ya wagonjwa, namba za simu, nywila ya hifadhidata, tokeni za malipo, vyote kwa maandishi ya kusomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitakuelewa ukisema ulilituma WhatsApp kwa rafiki yako akusaidie. Ukimaliza kulichambua, lifute, na nakala zake.

Ndani ya ripoti ya MAT tafuta kitu chenye uzito mkubwa wa kushikilia, yaani kile ambacho kikiondoka vingi vitaondoka nacho. Kisha fuata mnyororo wa mishiko kutoka kwenye kitu hicho hadi kwenye mzizi. Mnyororo huo ndio jibu. Utakuambia, kwa mfano, kwamba rekodi laki tatu za malipo zinashikwa na HashMap moja, nayo inashikwa na kigezo cha static ndani ya klasi fulani. Ukishafika hapo, anayeijua programu hiyo atacheka, atainamisha kichwa, na ataanza kurekebisha.

Ile HashMap ndiyo mhalifu ninayemtaja kwanza kwa makusudi. Mtu alitaka mfumo uwe na kasi, akaweka majibu ya hifadhidata kwenye ramani ili yasitafutwe mara mbili, na hakuweka kikomo. Kache isiyo na kikomo wala muda wa kufa ni uvujaji uliovaa suti. Tumia maktaba kama Caffeine, upange idadi ya juu na muda wa kuisha, usijiandikie yako.

Anayefuata ni sesheni. Tomcat huiacha sesheni hai dakika 30 baada ya kuguswa mara ya mwisho. Sasa fikiria mmeweka huduma ya kuchungulia kama tovuti iko hewani, nayo inafungua ukurasa wa kuingia kila nusu dakika bila kutunza kuki. Kila ziara ni mtu mpya, kila mtu mpya ni sesheni mpya. Kwa dakika 30 hizo ni sesheni 60 zisizo na mwenyewe, jambo dogo. Lakini kama kuna aliyechoshwa na malalamiko ya "mfumo unanitoa" akaweka muda wa kuisha kuwa -1, hazitakufa milele. Elekeza mchunguliaji kwenye anwani isiyofungua sesheni, na rudisha muda wa kuisha.

Kisha kuna Hibernate. Ukiingiza matokeo ya wanafunzi elfu arobaini kwa kitanzi kimoja ndani ya muamala mmoja, inawashika wote hadi mwisho. Kila baada ya mia kadhaa ita flush kisha clear. Na maswali yenye orodha ya IN ya urefu tofauti tofauti huijaza akiba yake ya mipango ya maswali, kila urefu ukihesabiwa kama swali jipya. Mpangilio wa hibernate.query.in_clause_parameter_padding unapunguza hilo sana.

ThreadLocal nayo ni ya kuangaliwa, kwa kuwa nyuzi za Tomcat hazifi baada ya ombi. Zinarudi kwenye bwawa zikiwa na ulichozibebesha. Ulichoweka, kiondoe kwenye finally.

Ukanda wetu una historia ndefu ya aina moja ya uvujaji ambayo vijana wa leo hawaikuti kwa sura yake ya zamani. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kukua kwa kazi iliyofanyika Eldoret, Kenya, umejengwa kwa moduli zinazoweza kuongezwa programu ikiwa hewani. Kila moduli ikipakiwa upya, klasi za zamani zilipaswa kuondoka. Mshiko mmoja tu uliosahaulika ulitosha kuzizuia zote. Wakati huo Java iliweka klasi kwenye eneo lililoitwa PermGen lenye ukubwa maalumu, na mafundi wa OpenMRS walilijua vizuri kosa la OutOfMemoryError lenye jina hilo. Wengi waliongeza ukubwa wa eneo, wakapata nafuu ya siku chache. Java 8 ya mwaka 2014 iliiondoa PermGen na kuweka Metaspace, ambayo kwa kawaida haina kikomo. Uvujaji wa klasi haukuondoka. Siku hizi unakula kumbukumbu ya seva nzima badala ya kugota kwenye ukuta wake. Ukipandisha toleo jipya la programu, ni heri uizime Tomcat yote kuliko kubadilisha faili la WAR Tomcat ikiwa hewani.

Si kila mlipuko ni uvujaji, na hapa ndipo wengi hupoteza wiki. Chukua DHIS2, ambayo Wizara ya Afya huitumia kupokea takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaifanyia kazi ndani ya mtandao wa HISP unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ni programu ya Java juu ya Tomcat na PostgreSQL, na ripoti zake ni za kila mwezi. Mfumo wa namna hiyo una siku zake za kubanwa. Kumbukumbu ikipanda kipindi cha kuwasilisha ripoti na sakafu ikarudi mahali pake baadaye, hakuna kilichovuja. Kazi ilikuwa nyingi. Linganisha mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi, usilinganishe tarehe 3 na tarehe 20.

Katika mifumo midogo, mlipuko wa mwisho wa mwezi mara nyingi una jina: kitufe cha "Pakua Excel". Maktaba ya Apache POI ukiitumia kwa XSSFWorkbook hujenga karatasi nzima ndani ya kumbukumbu, kila seli ikiwa kitu chake. Mhasibu mmoja akiomba miamala ya mwaka mzima, akaona imechelewa, akabonyeza tena mara tatu, seva inajenga karatasi nne. Badili utumie SXSSFWorkbook, ambayo kwa kawaida hushika safu 100 tu na kusukuma nyingine kwenye diski. Lakini hiyo ni nusu ya dawa. Kiunganishi cha PostgreSQL cha Java, usipokiambia vinginevyo, huvuta safu zote za jibu kwa mkupuo. Ili ziletwe kidogo kidogo lazima uzime autocommit na uweke fetchSize. Fanya yote mawili, na kitufe kizimike kikibonyezwa.

Mtandao ukiwa mbovu nao huijaza hipu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya nchi ilidhoofika kwa siku kadhaa. Programu inayoita huduma ya nje, iwe ya malipo kwa simu au ya kutuma SMS, bila kuweka muda wa mwisho wa kusubiri, siku kama hiyo inashika kila ombi mkononi. Tomcat kwa kawaida ina nyuzi 200. Zote zinasubiri, kila moja na data zake, na vitu vilivyopaswa kufa vikiwa vichanga vinazeeka. Ukitazama mchoro utasema ni uvujaji. Ukitazama ile orodha ya nyuzi uliyoichukua kwa Thread.print, utaona 190 zimesimama kwenye mstari uleule wa kusoma soketi. Dawa ni muda wa kusubiri wa sekunde chache wa kuunganisha na mwingine wa kusoma. Kuongeza hipu hapa kutachelewesha kifo tu.

Wanaotumia PHP wanaweza kutabasamu, kwani kumbukumbu ya kila ombi hufutwa ombi likiisha. Shida yao huwa ya hesabu: pm.max_children ikiwa 50 na kila mtoto akila megabaiti 80, hizo ni gigabaiti 4, na seva yao ina 2. Wafanyakazi wa foleni wa Laravel, ambao hukaa hai, ndio wa kuchungwa; wape --max-jobs wajizime na kuwashwa upya. Kwenye Node, chukua picha mbili kwa v8.writeHeapSnapshot, uzilinganishe ndani ya Chrome. Washukiwa wakubwa ni setInterval zisizofutwa na wasikilizaji wa matukio wanaoongezwa kwa kila ombi. Python ina tracemalloc, inayokuonyesha mstari wa programu ulioomba kumbukumbu.

Na kuna siku sakafu ya hipu imetulia kabisa, lakini mchakato umeuawa. Andika dmesg -T, utafute neno Killed. Kwenye kontena utaona namba ya kutokea 137. Hapo muuaji ni kerneli. Mchakato wa Java ni zaidi ya hipu: kila uzi una rundo lake, kwa kawaida megabaiti 1, kuna Metaspace, kuna bufa za nje. Seva ya gigabaiti 4 ukiipa -Xmx4g, huku PostgreSQL iko humohumo, umejitakia. Bila kuambiwa, Java hujiwekea kikomo cha robo ya RAM. Ndani ya kontena ni bora kuweka -XX:MaxRAMPercentage kama 60 au 70, kisha upime. Kama bado hesabu haikai, washa -XX:NativeMemoryTracking=summary na uulize jcmd $PID VM.native_memory.

Mipangilio ya mkusanyaji mwenyewe nimeiacha nyuma kwa kusudi. Instagram ilieleza mwaka 2017 jinsi ilivyozima mkusanyaji wa Python na kupata ufanisi wa takriban asilimia 10, na tangu hapo kuna watu wanaiga wakiwa na seva moja. Wao walikuwa na sababu inayotokana na namna michakato yao ilivyogawana kumbukumbu, na walikuwa wamepima. Kwa mfumo wa kawaida, G1 pamoja na -Xms sawa na -Xmx vinatosha. Usivuke gigabaiti 32 za hipu bila sababu ya maana, kwa kuwa hapo Java hupoteza ufupisho wa anwani na vitu vyote vinanenepa.

Ukisharekebisha, futa ule mstari wa saa tisa usiku kwenye cron. Andika sakafu ya kila asubuhi kwenye jedwali, pamoja na idadi ya watumiaji wa siku iliyotangulia, na usitangaze ushindi mpaka miisho miwili ya mwezi ipite.